Kompyuta inazima ghafla tangu nisasishe mfumo: kabla sijapiga windows upya, naombeni msaada

#1 Kalamu_Nyeusi

Wakuu habari zenu. Nimekuja na shida inayoninyima usingizi. Nitaieleza yote, maana nyuzi nyingi za shida kama hii naona zinaishia njiani kwa kukosa maelezo.

Nina kompyuta ya mezani, Windows 11, RAM GB 16, diski ya SSD. Siku nane zilizopita iliweka sasisho la mwezi, ikajiwasha upya, nikaendelea na kazi kama kawaida. Kesho yake asubuhi nikiwa katikati ya kuandika, skrini ikageuka bluu, ikahesabu asilimia, ikajiwasha yenyewe. Nikasema basi, imetokea. Mchana ikarudia. Tangu hapo ni mara mbili hadi nne kwa siku na haina saa maalumu: mara nimefungua kivinjari tu, mara nahariri video, na juzi ilianguka nikiwa sijagusa kitu, nimekaa naongea na simu.

Nimeliondoa sasisho lenyewe. Ikatulia siku moja, nikafurahi, kisha ikarudia. Kingavirusi imepita yote, hakuna kitu. Kila ninayemuuliza jibu ni moja: piga windows upya. Flashi nimeshaiandaa. Kinachonizuia ni kazi za watu zilizomo humo, na nakala rudufu yangu ya mwisho ni ya miezi miwili nyuma.

Swali langu: kuna namna ya kujua kwa hakika kinachoiangusha kabla sijafuta kila kitu?

#2 Radi_Kavu

Piga windows mkuu, unapoteza muda. Ukimaliza, zima masasisho moja kwa moja. Yangu ina miaka minne haijasasishwa na haijawahi kunisumbua.

#3 FundiTaratibu

Mkuu Kalamu, hiyo flashi iweke pembeni kwanza. Ukipiga windows upya unafuta ushahidi wote. Kama ubovu uko kwenye vifaa, utarudi vilevile kwenye windows mpya, na safari hiyo hutakuwa hata na kumbukumbu ya kuanzia.

Kabla ya chochote, leo hii, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Usiishie kunakili. Fungua mafaili kadhaa kutoka kwenye hiyo nakala uone kama yanafunguka, maana mashine inayoanguka ovyo inaweza kuwa imeshaharibu baadhi. Pia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya siri ya Windows kwa diski), tafuta ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 uuandike mahali nje ya kompyuta. Watu wengi wanaujua ufunguo huo kwa mara ya kwanza siku wanapoulizwa na skrini, wakati tayari wamekwama.

Ukishamaliza hilo, fanya haya uniletee majibu:

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel. Itafunguka chati ya siku kwa siku yenye alama nyekundu kila mahali mfumo ulipoanguka. Usiangalie siku za baada ya sasisho, hizo tunazijua. Niambie kama kuna alama nyekundu KABLA ya sasisho.

Kisha fungua C:\Windows\Minidump. Kila skrini ya bluu inatakiwa kuacha faili dogo humo. Niambie yako mangapi.

Mwisho: katika miezi miwili iliyopita umeongeza, umetoa au umebadilisha kitu gani? Kifaa, draiva (programu inayoendesha kifaa), programu ya VPN, kingavirusi, mpangilio wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta), chochote.

#4 Kalamu_Nyeusi

Ahsante sana mkuu. Nakala nimefanya, na ulichosema ni kweli: video mbili za mteja hazifunguki. Nashukuru za awali bado zipo kwenye kadi ya kamera.

Chati: kuna alama nyekundu siku tano kabla ya sasisho, saa tisa usiku. Nyingine siku mbili kabla, usiku pia. Huwa naiacha ikiwaka inapakua vitu, kwa hiyo nilikuwa nimelala. Asubuhi nilikuta imejiwasha upya, nikadhani ni mambo yake ya kawaida.

Folda ya Minidump ni tupu kabisa.

Nilichoongeza: RAM. Ilikuwa na kipande kimoja cha GB 8, nikaongeza kingine cha GB 8 siku 11 kabla ya sasisho. Ilisoma GB 16 mara moja bila tatizo.

#5 FundiTaratibu

Basi tayari tuna kitu kikubwa. Mashine ilianza kuanguka kabla ya sasisho, ila hukuwepo kushuhudia. Sasisho lilikuja, ukaanza kuiangalia kwa jicho la wasiwasi, na lawama ikaenda kwa mgeni aliyefika mwisho.

Lakini tusimhukumu RAM kabla ya kusikiliza ushahidi, nisije nikarudia kosa lilelile kwa jina jingine. Folda kuwa tupu nayo ina sababu. Je, uliwahi kuzima pagefile.sys, faili la kwenye diski ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM, ili kupunguza matumizi ya SSD? Mfumo ukianguka huandika yaliyomo kwenye kumbukumbu kupitia faili hilo. Likizimwa kwenye diski ya mfumo, hakuna kinachoandikwa. Sababu nyingine ya kawaida ni zile programu za kusafisha kompyuta ambazo huyahesabu mafaili hayo kuwa takataka.

Andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha Advanced. Kwenye sehemu ya Performance rudisha pagefile mfumo uipange wenyewe. Kwenye sehemu ya Startup and Recovery hakikisha imewekwa kuandika small memory dump, kisha ondoa alama ya kujiwasha upya yenyewe, ili safari ijayo skrini ibaki pale uisome vizuri. Halafu tumia kompyuta kama kawaida mpaka ianguke mara tatu nne. Najua inauma kuomba mashine ianguke, ila sasa kila anguko litakuwa na faida.

Na hiyo siku moja ya utulivu baada ya kuondoa sasisho, uliitumia kwa saa ngapi?

#6 Kalamu_Nyeusi

Nilizima pagefile mwenyewe mwaka jana kwa ushauri wa video moja. Nimerudisha.

Siku ile ilikuwa ya mapumziko, niliiwasha saa mbili hivi tu.

#7 Radi_Kavu

Sasa mkuu Fundi, unataka kusema masasisho hayana kosa kabisa? Watu wangapi wanalalamika kila mwezi?

#8 FundiTaratibu

Hapana mkuu Radi, sijasema hivyo na siwezi kusema hivyo. Sasisho linaweza kuangusha kompyuta, na imetokea mara nyingi. Ninachosema ni kwamba kuna njia tofauti, na kila njia ina dawa yake.

Kuna sasisho linalogusa ufa uliokuwepo. Windows 11 toleo la 24H2 lilipotoka mwaka 2024, baadhi ya SSD za Western Digital, SN770 na SN580 za TB 2, zilianza kuangusha mifumo. SSD hizo hazina RAM yao ya ndani, zinaazima sehemu ya RAM ya kompyuta. Matoleo ya nyuma yalikuwa yanazipa MB 64, hilo jipya likazipa MB 200 zilizokuwa zikiomba, na programu ya ndani ya diski ikashindwa kuhimili. Dawa ilikuwa kusasisha programu ya ndani ya diski, na mtengenezaji akaitoa. Mtu aliyepiga windows upya kwa toleo hilohilo alirudi palepale.

Kuna programu ya mtu wa tatu iliyokuwa ikipita mlango usioruhusiwa. Januari 2018, viraka vya Meltdown, udhaifu wa usalama kwenye prosesa, vilipotoka, Microsoft ilizuia sasisho lisifike kwenye kompyuta ambazo kingavirusi yake haijathibitishwa kuendana nalo, kwa sababu baadhi ya kingavirusi zilikuwa zinagusa kumbukumbu ya kiini cha mfumo kwa njia isiyotakiwa na zingesababisha skrini ya bluu.

Na kuna ambalo si sasisho la mfumo hata kidogo. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilianguka duniani kote, wengi wakasema Windows imejisasisha vibaya. Lilikuwa faili la mipangilio la CrowdStrike, programu ya ulinzi. Kuliondoa ilibidi mtu aingie kwenye hali salama (safe mode), mashine moja baada ya nyingine, afute faili lenye jina linaloanza na C-00000291.

Kuhusu miaka minne bila kusasisha, nakuomba ulifikirie tena kwa moyo mkunjufu. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia, ilishambulia Mei 2017. Kiraka cha tundu ililopitia kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia wengi ni ambao hawakuwa wamekiweka. Kama unaogopa sasisho bovu, lisitishe kwa wiki moja au mbili ili wengine walijaribu kwanza, mipangilio inaruhusu kusitisha hadi wiki tano. Usilizime kabisa.

#9 Mama_Faili

Naomba kujiunga, samahani kwa kuingilia uzi. Yangu ni mpakato, nayo imeanza baada ya sasisho. Mimi mafaili ya Minidump ninayo sita. Nimeyafungua kwa BlueScreenView na yote sita yanasema DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, 0xD1, na yote yanataja faili moja la .sys la programu ya VPN niliyoiacha kuitumia muda mrefu. Niliiondoa lakini faili naliona bado lipo. Huanguka ninapounganisha intaneti.

#10 FundiTaratibu

Karibu sana mama, na wala hujaingilia. Kesi yako imekuja wakati mzuri, kwa sababu ni kinyume cha ya Kalamu.

Msimbo mmoja, faili moja, mazingira yaleyale: hiyo ni draiva. VPN na kingavirusi huweka vichujio ndani kabisa kwenye njia ya mtandao, na ukiziondoa kwa njia ya kawaida mara nyingine kichujio kinabaki. Pakua chombo cha kuondolea kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, kiendeshe ukiwa hali salama. Usilifute faili la .sys kwa mkono. Usajili wake ukibaki kwenye mfumo unaweza kukosa mtandao kabisa.

#11 Mama_Faili

Nimetumia chombo chao. Faili limeondoka. Nitarudi baada ya wiki.

#12 Pangaboi_La_Feni

Wakuu, yangu haitoi bluu yoyote. Inakata tu pwaa kama umeme umekatika, hasa nikicheza gemu. Kwenye kumbukumbu za matukio naona Kernel-Power 41. Nimeambiwa hiyo 41 ndiyo kosa lenyewe, niitafutie dawa.

#13 FundiTaratibu

Mkuu, 41 si ugonjwa. Maana yake ni hii tu: mfumo umewaka na kukuta safari iliyopita haukuzimwa vizuri. Fungua maelezo yake uangalie BugcheckCode. Ikiwa ni 0, mfumo haukupata hata nafasi ya kuandika kilichotokea. Hapo tafuta umeme na joto: pawasaplai, feni, vumbi kwenye matundu ya hewa. Baada ya sasisho mfumo hufanya kazi nyingi kimyakimya, na mashine iliyokuwa ikiishi karibu na kikomo cha joto inaweza kukivuka. Pima joto ukiwa kwenye gemu, usipime ikiwa imetulia.

#14 Kalamu_Nyeusi

Nimerudi. Siku mbili, maanguko manne, mafaili manne:

La kwanza 0x1A, MEMORY_MANAGEMENT, linataja ntoskrnl.exe.
La pili 0x50, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, linataja Ntfs.sys.
La tatu 0x3B, SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION, linataja win32kfull.sys.
La nne 0x139, KERNEL_SECURITY_CHECK_FAILURE, ntoskrnl.exe tena.

Nimechanganyikiwa zaidi. Hii ntoskrnl ndiyo imeharibika? Kuna mtu kaniambia niendeshe sfc /scannow itengeneze.

#15 FundiTaratibu

Usiendeshe sfc sasa hivi, tafadhali. Nitaeleza.

ntoskrnl.exe ni kiini chenyewe cha mfumo. Hutajwa mara nyingi kwa sababu ndiye anayegundua kuwa kitu kimeharibika na kusimamisha kazi. Kumlaumu ni kumlaumu aliyepiga yowe kwa sababu wewe ulisikia sauti yake. Ntfs.sys na win32kfull.sys nazo ni za mfumo wenyewe.

Angalia umbo la ushahidi wako. Misimbo minne tofauti, sehemu tofauti, na yote inasema jambo moja kwa lugha mbalimbali: nilichoweka kwenye kumbukumbu si nilichokikuta. Mama Faili alipata msimbo mmoja na faili moja mara sita. Wewe kila mara sura mpya. Hali kama yako mara nyingi ni RAM, ingawa draiva inayoandika mahali si pake inaweza kuiga hivyohivyo. Kwa hiyo tunapima RAM kwanza, ikiwa safi ndipo tunakwenda kwa Driver Verifier. Hicho chombo cha pili nisingependa ukiguse bila sababu, maana kinabana draiva mpaka mfumo unaweza kukataa kuwaka, na lazima ujue mapema amri ya kukizima, verifier /reset, na namna ya kuifikia ukiwa hali salama.

Sababu ya kukukataza sfc ni hii. Chombo hicho husoma mafaili ya mfumo, hulinganisha, kisha huandika upya. Vyote hivyo vinapita kwenye RAM. Ukitengeneza mfumo ukiwa na RAM inayodanganya, unaweza kuandika uharibifu juu ya kitu kizima. Ndivyo video zako mbili zilivyoharibika, kwa maoni yangu. RAM kwanza, mfumo baadaye.

Ile flashi uliyoiandalia windows, iwekee MemTest86, programu ya kupima RAM. Iwashie kompyuta, iache imalize mizunguko yote minne. Itachukua saa kadhaa, kwa hiyo fanya usiku. Kosa hata moja ni kosa, hakuna idadi inayovumilika. Likitokea, pima kila kipande peke yake, kwenye tundu lilelile.

#16 Kalamu_Nyeusi

Vipande vyote viwili pamoja: nyekundu zilianza mzunguko wa kwanza tu, nikahesabu 37 nikazima.
Kipande cha zamani peke yake: mizunguko minne, safi.
Kipande kipya peke yake, tundu lilelile: mizunguko minne, safi.

Sasa sielewi. Vyote ni vizima, ila vikikaa pamoja vinagombana?

#17 FundiTaratibu

Hilo ndilo jibu, na si la ajabu. Ingia BIOS, tazama kasi ya RAM. Kama XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) imewashwa, niambie inasoma ngapi. Na je, vipande hivyo ni pacha, yaani viliuzwa pamoja kwenye pakiti moja?

#18 Kalamu_Nyeusi

XMP imewashwa, 3600. Vipande si pacha. Watengenezaji wawili tofauti, ila vyote vimeandikwa 3600.

#19 FundiTaratibu

XMP ni kuiendesha RAM juu ya kasi yake ya msingi, na kasi iliyoandikwa hupimwa kwa vipande vilivyouzwa pamoja. Unapochanganya viwili vilivyotoka sehemu mbili, kidhibiti cha kumbukumbu kinabeba mzigo mkubwa zaidi, na nyakati zao za ndani huenda hazilingani. Kimoja kimoja vinaweza 3600. Pamoja, vinakosea mara moja moja, mahali popote. Ndiyo maana kompyuta ilisoma GB 16 bila tatizo: kuisoma RAM hakuna maana ya kuiamini.

Zima XMP, hifadhi, rudia MemTest86 na vyote viwili. Usibadilishe kitu kingine chochote kwa wakati mmoja, tusije tukapona bila kujua tulichotibu.

#20 Bawa_la_Pengwini

Kwa wanaotumia Linux wanaopita hapa: ushahidi wa anguko unapatikana kwa journalctl -b -1 -p err, yaani makosa ya safari iliyopita. Na uzuri wake, kiini cha zamani kwa kawaida hakifutwi mara moja. Kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kompyuta inapowaka, chagua kilichotangulia. Kikikaa imara na kipya kikianguka, umeshajua upande wa kutafuta, na mara nyingi ni moduli ya kadi ya picha ambayo haikujengwa upya kwa kiini kipya.

#21 Kalamu_Nyeusi

XMP imezimwa, sasa inasoma 2666. Vipande vyote viwili, mizunguko minne, usiku mzima: sifuri. Nimeipiga picha ile skrini kwa furaha.

Niendelee na sfc sasa?

#22 FundiTaratibu

Hongera mkuu. Sasa ndiyo. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, maana hiyo ndiyo inayotengeneza ghala ambalo sfc huchota mafaili yake. Ikimaliza, sfc /scannow. Kisha restart, usitumie shut down: kwa sababu ya mpangilio wa kuwasha haraka (fast startup), shut down hukihifadhi kiini na kukirudisha kilivyokuwa, restart ndiyo hukianza upya.

Baada ya hapo rudisha lile sasisho uliloliondoa. Usiliache nje.

Na usitangaze kupona kesho. Ilikuwa inaanguka mara mbili hadi nne kwa siku za kazi, na siku moja ya utulivu ilishakudanganya. Nipe wiki mbili za kazi kamili, pamoja na uhariri wa video na kuiacha ikiwaka usiku.

#23 Mama_Faili

Nimetimiza wiki. Haijaanguka hata mara moja, na naunganisha intaneti mara kumi kwa siku. Mungu akubariki Fundi.

#24 Pangaboi_La_Feni

Joto lilikuwa linafika nyuzi 98 kwenye gemu. Nimefungua, vumbi lilikuwa limeziba kama sufi. Sasa haizidi 80 na haijakata tena, ila ni siku tatu tu.

#25 Kalamu_Nyeusi

Wakuu, leo ni siku ya 16. DISM ilikuta uharibifu ikautengeneza, sfc nayo ikarekebisha mafaili kadhaa. Sasisho nimelirudisha siku ileile. Nimehariri video mbili ndefu, usiku inawaka, na chati ya perfmon /rel haina nyekundu hata moja tangu nizime XMP. Zile video mbili zilizoharibika nimezihariri upya kutoka kwenye kadi, na nimepitia kazi zote za siku zile 19 tangu niongeze RAM hadi nilipoleta shida hapa. Nimekuta faili jingine moja bovu ambalo nisingelijua mpaka mteja angelifungua.

Tofauti ya 2666 na 3600 kwenye kazi zangu siioni. Nitaiacha hivyohivyo.

#26 Radi_Kavu

Mkuu Fundi, nimeanza kusasisha jana. Ni mengi, imefika nusu. Nilinakili kazi zangu kwanza na ufunguo wa tarakimu 48 nimeuandika. Ikigoma nitaleta mafaili ya Minidump hapa.

#27 FundiTaratibu

Yalete tu mkuu, nipo. Ila hakikisha kwanza pagefile yako haijazimwa.